Saa za Mkono Mmoja: Hotuba kuhusu Mafundi Saa wa Kisiwa cha Man

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wetu, mafundi wakongwe mliokubali kuacha meza zenu za kazi asubuhi ya leo, wanafunzi wa fani zote, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

Nimeombwa nizungumzie utengenezaji wa saa kwa mkono. Ningeweza kuwapeleka Uswisi, ambako ndiko mawazo ya wengi hukimbilia saa zinapotajwa, lakini nimechagua mahali padogo zaidi, Kisiwa cha Man, kilichoko katika Bahari ya Ireland, kati ya Uingereza na Ireland. Kisiwa hicho kina eneo la kilomita za mraba 572, kwa hiyo ni kidogo kuliko Pemba, na wakazi wake ni kama 84,000. Si sehemu ya Ufalme wa Muungano, ingawa kiko chini ya taji la Uingereza; kina bunge lake liitwalo Tynwald, na kinajitungia sheria zake chenyewe. Wapenzi wa pikipiki wanakifahamu kwa mashindano ya TT yaliyoanza mwaka 1907. Wapenzi wa saa wanakifahamu kwa sababu ya mafundi wawili walioishi na kufanya kazi huko, marehemu George Daniels na mwanafunzi wake Roger Smith.

Niondoe kwanza dhana moja. Mtu akisikia kwamba kisiwa kidogo kina mila ya kutengeneza saa, hudhani kwamba ni kazi iliyorithiwa kutoka kwa mababu, kama vile ujenzi wa majahazi au uchongaji wa milango ulivyorithiwa kwetu. Sivyo. Daniels alihamia Kisiwa cha Man mwaka 1982, akakaa katika mji wa Ramsey, na kabla yake hapakuwa na kiwanda wala ukoo wa mafundi saa uliokuwa ukimsubiri. Mila hiyo ni changa kuliko wengi tuliokaa humu ukumbini. Ndiyo maana naiona inafaa kujadiliwa mbele ya watu wanaofundisha ufundi: tunaweza kuona wazi ilianzaje, nani aliishika, na kwa nini haikufa na mwanzilishi wake. Maoni yangu, nitakayoyatetea, ni kwamba uhai wake haukutoka kwenye ukale wala kwenye kisiwa. Ulitoka kwa mtu aliyekataa kuigawa kazi vipande vipande, halafu akayaandika yote aliyoyajua.

Ili tuelewe uzito wa kukataa huko, lazima turudi nyuma kidogo. Katika karne ya 18 London ilikuwa miongoni mwa miji iliyoongoza duniani kwa saa bora, na hata mtambo wa kuachia, nitakaoueleza baadaye, unaotumika mpaka leo katika saa nyingi za mkononi zisizo na betri, ulibuniwa na Mwingereza, Thomas Mudge, katika miaka ya 1750. Lakini saa ya Kiingereza haikuwa kazi ya mtu mmoja. Mitambo ghafi ilitengenezwa kwa wingi Prescot, katika jimbo la Lancashire, kisha ikapelekwa London, katika mtaa wa Clerkenwell, au Coventry, ambako kila fundi alikuwa na kipande chake: huyu anakata meno ya magurudumu, yule anatoboa mawe ya yakuti, mwingine anatengeneza mishale, mwingine kasha, mwingine uso wa saa. Jina lililoandikwa usoni mara nyingi lilikuwa la mfanyabiashara aliyekusanya kazi za watu wengi. Mpango huo ulileta saa nzuri mno, na sina sababu ya kuudharau. Hata hivyo ulikuwa na udhaifu ambao haukuonekana wakati wa neema. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, Wamarekani wa Waltham, Massachusetts, walianza kutoa kwa mashine vipuri vinavyoweza kubadilishana, Waswisi nao wakafuata njia hiyo kwa bidii, na saa ya Kiingereza ikawa ghali isiyoweza kushindana. Mafundi wakaanza kupungua, mmoja baada ya mwingine. Alipofariki mchonga mishale bila mwanafunzi, aliyebaki akikata meno hakujua kuchonga mishale. Maarifa ya saa nzima hayakuwa kichwani mwa mtu yeyote, kwa hiyo hakuna mtu aliyeweza kuyaokoa.

Ndani ya magofu hayo ndimo Daniels alimokulia. Alizaliwa mwaka 1926 katika familia maskini, akaacha shule akiwa na umri wa miaka 14 na kufanya kazi katika kiwanda cha magodoro. Alipokuwa jeshini, kuanzia mwaka 1944 hadi 1947, alikuwa akiwatengenezea askari wenzake saa zilizoharibika, na alipotoka alitumia malipo yake ya kuagwa kununulia vifaa. Akasoma masomo ya jioni katika Taasisi ya Northampton, jijini London, jirani kabisa na mtaa ule wa Clerkenwell ambao kazi yake ilikuwa imekwisha kufifia. Mwaka 1960 alifungua duka lake la ukarabati, akajijengea jina kwa kuzifufua saa za Abraham-Louis Breguet, yule fundi mkubwa wa Paris. Ukarabati ndio uliokuwa chuo chake halisi, kwa maana aliyefungua saa za Breguet kwa miaka mingi alikuwa akisoma mawazo ya mwalimu aliyefariki mwaka 1823. Mwaka 1969 alikamilisha saa ya kwanza aliyoitengeneza mwenyewe, saa ya mfukoni, kwa ajili ya mkusanyaji wa saa aitwaye Sam Clutton.

Njia aliyoifuata leo inajulikana kama Njia ya Daniels. Mafundi wa huko husema kwamba kutengeneza saa nzima kunahitaji fani 34 zilizokuwa zikishikwa na watu tofauti. Katika Njia ya Daniels, fundi mmoja anatakiwa azimudu 32. Kuanzia mchoro hadi kasha, kuanzia uso wa saa hadi skrubu ndogo kuliko punje ya ufuta, vinatoka katika karakana moja na kwa mkono uleule. Saa moja ilimchukua Daniels takriban saa 2,500 za kazi, na katika maisha yake yote hakutengeneza zaidi ya 30 hivi za aina ya pekee, ukiacha mifululizo miwili ya saa za mkononi aliyoifanya kwa kushirikiana na Smith.

Namba hizo hazisemi mengi mpaka tukae karibu na kipuri kimoja. Tuchukue mshale, ambao wengine wenu mnauita akrabu. Kazi huanza na kipande chembamba cha bati la chuma kigumu, yaani feleji. Umbo la mshale hukatwa kwa msumeno wenye ulimi mwembamba kama uzi, kisha fundi huliweka chini ya lenzi na kulisawazisha kwa tupa, huku akikagua kila mara kwamba pande mbili za mshale zinapungua upana kwa kiasi kilekile. Tundu la katikati hukerezwa ili likae juu ya ekseli yake bila kulegea wala kubana. Baada ya hapo uso wa mshale husuguliwa mpaka uwe bapa na kung'aa, bila mkwaruzo hata mmoja, kwa sababu hatua inayofuata huufichua kila mkwaruzo. Mshale huwekwa juu ya kisahani chenye chenga za shaba, na moto huwashwa chini yake. Chenga hizo husambaza joto polepole. Chuma hugeuka rangi ya majani makavu, kisha hudhurungi, kisha zambarau, na joto linapokaribia nyuzi 300 za Selsiasi huwa buluu iliyokolea ya anga la usiku. Buluu hiyo haidumu. Fundi akichelewa kidogo kuuondoa mshale, rangi hupauka na kuelekea kijivu, na hapo hakuna kurekebisha: lazima usuguliwe upya na urudishwe motoni, na ukisuguliwa mara nyingi huwa mwembamba mno, hivyo unaanza na bati jipya. Hakuna rangi iliyopakwa hapo. Ni chuma chenyewe, na kinazuia kutu pia.

Sasa nije kwenye jambo lililompa Daniels sifa nje ya duru ya wakusanyaji matajiri. Ndani ya saa ya kutia ufunguo kuna kamani, yaani springi iliyosokotwa, inayotaka kufunguka kwa nguvu zake zote, na kuna gurudumu la mizani linaloyumba huku na huku likihesabu wakati. Kati yao kuna mtambo wa kuachia, ambao kazi yake ni kuizuia nguvu ya kamani na kuiruhusu kidogo kidogo. Katika saa nyingi za mkononi za leo mtambo huo hufunga na kufungua mara 8 kila sekunde, yaani mara 691,200 kwa siku. Katika ubunifu wa Mudge, kila mara jino la gurudumu linapofungua njia, huteleza juu ya kijiwe cha yakuti huku likikisukuma. Kuteleza kunahitaji mafuta. Mafuta huzeeka, huwa mazito, hukauka au huhama mahali pake, na mwendo wa saa hubadilika pamoja nayo. Ndiyo maana fundi saa wa mtaani anaposema saa yako haina ubovu ila inahitaji kufunguliwa, kusafishwa na kutiwa mafuta, mara nyingi anasema kweli.

Daniels aliona kwamba kuhangaika kutafuta mafuta bora kwa zaidi ya miaka 200 kulikuwa ni kuutibu ugonjwa mahali pasipo na kidonda. Tatizo lilikuwa kule kuteleza. Akabuni mtambo wenye magurudumu mawili yanayokaa juu ya ekseli moja, yakigawana kazi ya kufunga na kazi ya kusukuma, kiasi kwamba jino hukigusa kijiwe kwa muda mfupi na kukisukuma moja kwa moja, kama mtu anayesukuma pembea kwa kiganja badala ya kuiburura kwa kuipapasa. Msuguano ukapungua sana, na mafuta mahali hapo yakaacha kuwa roho ya saa. Alipata hataza mwaka 1980. Alipozunguka Uswisi kuyauza mawazo yake, makampuni makubwa yalimwonyesha mlango, na miaka ikapita kabla ya kampuni ya Omega kuukubali ubunifu huo na kuutoa sokoni mwaka 1999. Leo Omega inautumia katika sehemu kubwa ya saa zake zisizo na betri. Kwa hiyo kitu kilichofikiriwa na mtu mmoja mezani pake kinazalishwa viwandani kwa idadi ambayo yeye mwenyewe asingeifikia kwa maisha elfu moja.

Najua kuna mwanafunzi hapa anayejiuliza, kwa haki kabisa, kwamba haya yote ni ya nini wakati saa ya betri ya bei ndogo inakwenda sawasawa kuliko saa ya Daniels. Swali hilo lilikuwepo tangu siku za mwanzo za Daniels. Tarehe 25 Desemba 1969, mwaka uleule alioikamilisha saa yake ya kwanza, kampuni ya Seiko iliitoa jijini Tokyo saa ya mkononi ya kwanza ya kwatzi, yaani ya betri na fuwele inayotetema, kuuzwa sokoni, na miaka michache baadaye makumi ya maelfu ya wafanyakazi wa Uswisi walikuwa hawana ajira. Kipande cha kwatzi katika saa nyingi za leo hutetema mara 32,768 kwa sekunde, na hakuna gurudumu la mizani linaloweza kushindana nacho kwa usahihi. Sitajaribu kuwaambia vinginevyo. Daniels aliufahamu ukweli huo, na alichotaka ni kuonyesha kwamba saa ya magurudumu ilikuwa bado haijafika mwisho wa maendeleo yake, kwamba ilikuwa na kasoro ya kiufundi inayotibika. Mtu anaweza kuona hilo ni ukaidi. Mimi naliona ni heshima kwa kazi, lakini simlazimishi mtu kukubaliana nami.

Mwaka 1981, kabla ya kuhama, Daniels alitoa kitabu kiitwacho Watchmaking. Kwangu mimi hicho ndicho kiini cha hadithi yote, kuliko hata ule mtambo. Mafundi wa zamani walikuwa wakificha. Baba alimfundisha mwanawe, bwana akamfundisha mwanagenzi wake nusu ya alichokijua na kuibakiza nusu nyingine mpaka siku ya kufa, na mara nyingi siku hiyo ilifika mapema. Daniels aliandika namna ya kukata meno, kukereza ekseli, kung'arisha chuma, kutengeneza kasha na uso, kwa michoro na maelezo ambayo kijana aliye peke yake, asiye na mwalimu, angeweza kuyafuata. Walimu wenzangu, tujiulize ni wangapi kati yetu wameyaandika yale tunayoyajua kwa namna hiyo, na siulizi kwa nia ya kumsuta mtu.

Kijana huyo alipatikana. Roger Smith alizaliwa mwaka 1970 huko Bolton, kaskazini mwa Uingereza, na akiwa na miaka 16 aliingia chuo cha saa cha Manchester. Daniels alifika hapo kutoa mhadhara, na Smith akaondoka akiwa amepata lengo la maisha. Kwa kukifuata kile kitabu, alijitengenezea saa ya mfukoni, kisha akavuka bahari kwenda kumwonyesha mzee. Daniels aliikagua na kumwambia aanze upya. Kasoro aliyoiona ilikuwa ya ajabu kwa sikio la mtu wa nje: saa ilionekana kuwa imetengenezwa kwa mkono. Kwa Daniels, alama ya tupa au pembe isiyokaa sawa haikuwa uthibitisho wa ufundi, ilikuwa uthibitisho kwamba fundi hajamaliza kazi. Kipuri kilitakiwa kionekane kama kwamba hakuna mkono uliokigusa. Nawaomba mlitafakari hilo, kwa sababu katika maduka yetu ya vinyago na mapambo tumezoea kuuza kasoro kwa mgeni kwa kumwambia kwamba ndiyo dalili ya kazi ya mkono.

Smith alirudi nyumbani, akaanza saa ya pili, iliyokuwa na kalenda ya kudumu, inayojua yenyewe urefu wa kila mwezi, na kizimba kinachozunguka kikiwa kimebeba mtambo wa kuachia, fani mbili zilizo ngumu mno hata kwa fundi mzoefu. Ilimchukua zaidi ya miaka 5. Vipuri vingine alivitengeneza mara kadhaa, kwani kila alivyoendelea jicho lake lilizidi kuwa kali, na vile vya mwanzo vikaonekana havistahili kukaa pamoja na vile vya mwisho. Alipoipeleka tena, Daniels aliuliza juu ya sehemu moja baada ya nyingine ni nani aliyeitengeneza, na kila mara jibu lilikuwa lilelile. Baada ya hapo mzee alikubali kwamba amepata fundi saa. Mwaka 1998 Smith alihamia Kisiwa cha Man kumsaidia, na mwaka 2001 akafungua karakana yake mwenyewe huko huko kisiwani. Ile saa ya pili iliuzwa mnadani New York mwaka 2023 kwa takriban dola milioni 4.9 za Kimarekani.

Nimetaja bei, na sitaki niipite kimyakimya. Saa inayouzwa kwa fedha za kujengea shule haiwezi kuitwa saa ya wananchi. Saa ya Daniels iitwayo Space Traveller, inayoonyesha wakati wa jua pamoja na wakati wa nyota, iliuzwa London mwaka 2019 kwa zaidi ya pauni milioni 3.6, na nyingi za namna hiyo hulala kwenye kabati za chuma zisiione mikono ya mtu. Ufundi unaotegemea watu wachache wenye fedha nyingi uko katika hatari ya aina yake, kwa sababu matakwa yao yakigeuka, fundi hana mteja mwingine wa kumkimbilia. Upande wa pili wa jambo hilo ni kwamba mkusanyiko wa Daniels ulipopigwa mnada mwaka 2012, mwaka mmoja baada ya kifo chake, mapato yalikwenda kwenye mfuko wa elimu aliouacha kwa jina lake, unaosaidia wanafunzi wa fani ya saa miongoni mwa fani nyingine. Yaani fedha za matajiri zimekuwa ada za vijana, na hilo si dogo.

Hali ya sasa ni hii. Karakana ya Smith ina mafundi wachache, na saa zinazotoka kwa mwaka hazifiki 20. Ameendelea kuurekebisha mtambo wa mwalimu wake, na mwaka 2010 alitoa umbo jipya ambalo yale magurudumu mawili yameunganishwa kuwa kipande kimoja, jambo linaloondoa kosa dogo lililokuwa likitokea wakati wa kuyapanga. Wakati huohuo, mwaka 2021, shirika la Uingereza la Heritage Crafts liliuweka utengenezaji wa saa katika orodha ya kazi zilizo katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka nchini humo. Taarifa zote mbili ni za kweli kwa pamoja: kazi inaendelea kuboreshwa, na wanaoiweza yote ni wachache kiasi cha kutosha chumba kimoja. Tofauti na karne ya 19 ni kwamba kila mmoja wao anaijua saa nzima, na kitabu kipo kwa yule ambaye hajazaliwa.

Mwenyekiti amenionyesha karatasi ya muda, nami ni mtu mzungumzia saa, sina udhuru. Pale mezani kuna mitambo miwili iliyofunguliwa, mmoja wa Mudge na mwingine wa Daniels, na lenzi zimewekwa pembeni. Wanafunzi watangulie, mafundi wakongwe wafuate ili wawasahihishe watakayoyasema, na maswali tutayapokea tukiwa pale pale. Ahsanteni.